Mzee Inategemea na Giaboksi ya Gari Namba Tatu

Ijumaa tarehe 30 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, fundi mkuu wa giaboksi katika karakana ya hospitali yetu atavua ovaroli lake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi. Ametimiza miaka sitini. Katika muda huo amefungua giaboksi mia mbili na kumi na moja, amezifunga zote, na hajawahi kumpa mtu yeyote jibu la moja kwa moja.

Wasifu huu umeandikwa na mfanyakazi mwenzake wa kitengo cha injini, kwa ombi la kamati ya kumuaga. Katibu wa kamati alimpa mwandishi karatasi yenye vichwa vitano: tarehe, vyeo, mafanikio, changamoto na shukrani. Akamwambia aandike Kiswahili cha heshima, asichekeshe sana, na asilete mambo ya ndani. Mwandishi alikubali yote matatu. Vichwa viwili vya kwanza vimeandikika bila tabu. Kuanzia cha tatu mwandishi amechanganyikiwa, na anaomba radhi mapema, kwa sababu mpaka dakika hii hajui kama jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya mstaafu wetu liwekwe kwenye mafanikio au kwenye changamoto.

Tuanze na yaliyo wazi. Mstaafu aliajiriwa kama mwosha vipuri, akapanda kuwa fundi msaidizi, fundi daraja la pili, daraja la kwanza, kisha fundi mkuu. Alipoingia, karakana ilikuwa na shimo moja la kukagulia magari, jeki moja iliyokuwa ikishuka yenyewe taratibu, na magari mawili ya wagonjwa yaliyopokezana kuwa mabovu. Kazi ya giaboksi aliipata kwa sababu ya vidole vyake virefu na vyembamba. Fundi aliyekuwepo alikuwa mnene wa mikono, na kila pini iliyoanguka ndani ya giaboksi ilibidi aitwe mwosha vipuri aje kuichokoa. Baada ya mwaka mmoja wa kuchokoa alikuwa ameshajua kila kitu kilichomo humo ndani.

Giaboksi ya kwanza aliyofungua peke yake inakumbukwa mpaka leo. Alipomaliza kuifunga, pete moja ndogo ilibaki kwenye sahani. Gari lilikwenda vizuri, gia ziliingia zote, lakini pete ilikuwa pale inamwangalia. Akashusha giaboksi, akaifungua, akatafuta mahali pa pete, hakupaona, akaifunga. Pete ikabaki tena. Alifanya hivyo mara tatu kwa siku tatu, bila kula vizuri. Siku ya nne mama anayetupikia chai akaja kuuliza kama kuna mtu ameona pete ya mfuniko wa chupa yake ya chai, maana chai ilikuwa ikipoa kabla ya saa nne. Tangu hapo mstaafu hali wala hanywi karibu na giaboksi iliyo wazi.

Jina la Mzee Inategemea alilipata mapema, hata kabla ya kuwa mzee. Ukimwuliza kama gari litakuwa tayari kesho, inategemea. Ukimwuliza kama kelele ile inatoka kwenye gia au kwenye ekseli, inategemea. Msimamizi wa karakana aliwahi kumwuliza kama atakunywa chai, akajibiwa kuwa inategemea nani ameipika. Mkewe, muuguzi wa wodi ya watoto ambaye sote tunamwita Mama Muuguzi, anasema siku yao ya ndoa mashangazi walikaa roho juu mpaka bwana harusi alipotamka kwamba amekubali. Anasema ndiyo mara pekee aliyomsikia akikubali jambo bila kuongeza neno.

Mtu asidhani kwamba alikuwa akikwepa kazi. Hakuna aliyekuwa makini kumzidi. Kila giaboksi iliyoingia mikononi mwake aliimwaga oili kwenye sahani nyeupe ya bati, akaisugua kati ya vidole, akainusa, akaipeleka juani akaitazama kama kuna chembe za chuma zinazometa. Kisha alichukua kilichovunjika au kilicholika, hata kama ni unga tu ulionaswa na sumaku, akakitia kwenye chupa ndogo ya dawa aliyoiomba duka la dawa la hospitali. Juu ya chupa alibandika karatasi yenye namba ya gari, tarehe na neno moja la sababu. Chupa hizo zimejaa rafu nzima nyuma ya mlango wake. Ukizisoma utacheka na utaona haya, hasa ukiwa dereva. Haraka. Matope. Oili kidogo. Haraka. Simu. Mzigo wa mtu binafsi. Haraka. Mkuu wa madereva aliomba mara mbili rafu ile ifunikwe pazia wageni wanapokuja.

Sasa tumefika kwenye gari namba tatu, na hapa mwandishi anaomba aache kujiita mwandishi. Ni mimi, Mama Pistoni wa kitengo cha injini. Nimejaribu kujificha kwa aya sita, nimeshindwa.

Miaka minane iliyopita, nikiwa na miezi mitatu tu kazini na bado niko kwenye mwaka wa majaribio, injini ya gari namba tatu la wagonjwa ilipasuka bloku. Wakati huohuo tulikuwa na injini nzima nyuma ya karakana, iliyotoka kwenye gari kubwa zaidi la kampuni ileile lililogongwa ubavuni. Giaboksi ya gari lile ilisagika, lakini injini ilitoka salama kabisa, ina tabo ya kuisukumia hewa, na nguvu yake ilikaribia mara mbili ya ile ya zamani. Nilipima mashimo ya boliti, yakalingana na giaboksi ya gari namba tatu. Sikulala kwa furaha. Nilikuwa mwanamke wa kwanza kushika injini katika karakana ile, na wapo waliokuwa wakisubiri nikosee ili warudi kupumua.

Swali likabaki moja: giaboksi ile ya asili, iliyotengenezwa kiwandani kwa ajili ya injini ndogo, itaihimili nguvu ya ziada au haitaihimili? Mimi nilisema itahimili, kwa sababu viwanda huacha akiba. Msimamizi alimgeukia mwenye giaboksi zake. Mnajua alichojibu.

Msimamizi alileta fomu yenye visanduku viwili, Inafaa na Haifai, akamwambia atie alama kwenye kimoja. Mzee alikaa na fomu ile tangu asubuhi hadi adhuhuri, akairudisha ikiwa na mstari mrefu uliopita kwenye visanduku vyote viwili, na juu ya mstari ameandika neno lake. Msimamizi aliuma kalamu. Ndipo mzee alipotuchukua sote, msimamizi, mimi na dereva wa gari lile, akatupeleka chumba cha kufulia nguo.

Huko aliwaomba wafuaji wawili wakamue shuka kuukuu, mmoja huku na mmoja kule, taratibu. Walikuwa wanawake wenye mikono ya nguvu. Shuka lilijisokota likatoa maji yote, halikuchanika. Kisha akamwomba mmoja wao alishike shuka lilelile na kulizungusha ghafla kama anayemnyang'anya mwenzake. Likachanika katikati. Mzee akasema, "Giaboksi haijui injini ina nguvu kiasi gani. Inajua msokoto tu. Na inajua kama msokoto umekuja taratibu au umekuja ghafla, gari tupu au limepakia, bonde au mlima, gia ya nne au ya pili." Mkuu wa chumba cha kufulia akauliza shuka lile nani atalilipa, tukatoka mbio.

Nilirudi karakana nikiwa sijaelewa kama nimekubaliwa au nimekataliwa. Msimamizi naye vivyo hivyo. Kwa kuwa hakuna aliyesema haifai, injini ikafungwa. Niliomba klachi mpya ngumu ya kulingana na injini ngumu. Mzee akakataa, akarudishia klachi ileile ya kawaida. Akasema klachi ikizidiwa itateleza na utasikia harufu, utapunguza mguu. Lakini ukifunga klachi isiyoteleza, msokoto wote utakwenda kwenye meno ya gia, na jino la gia halinuki. Nilimwona mwoga. Nilisema hivyo kwa watu, na maneno karakana hayakai chini.

Gari lilikwenda vizuri mno. Wiki ya kwanza mzee alikaa kiti cha mbele kila safari, kama ilivyo desturi yake kwa kila giaboksi aliyoigusa. Wiki ya pili alishuka. Baada ya miezi sita hakuna kilichovunjika, na picha yangu ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo nikiwa nimeegemea boneti. Chini yake palikuwa na maandishi yanayosema giaboksi ya kawaida yabeba injini kubwa. Nilipita pale mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mwezi wa nane tangu injini ifungwe, kaka yangu mkubwa aliugua. Kaka ni fundi cherehani, anaishi upande wa pili wa mlima wenye kona tisa. Alikaa na maumivu ya tumbo siku mbili akidhani amekula vibaya, na walipompeleka kwenye zahanati yao kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Mganga wa zahanati akapiga simu hospitali, saa tano asubuhi. Nikapanda gari namba tatu na dereva wetu, yule mrefu tunayemwita Twiga. Mzee alikuwa tayari kule, amekwenda tangu jana yake kutengeneza gari la chanjo, akaomba lifti ya kurudi. Tukampakia kaka, mimi na muuguzi wa zahanati nyuma, wao wawili mbele.

Kilomita kumi na moja za mlima. Kaka alikuwa amebadilika rangi, ameacha kulia, na muuguzi alikuwa ananitazama mimi badala ya kumtazama yeye. Kisha, baada ya kona ya pili, nilisikia injini yangu ikifanya kitu ambacho haikuwahi kufanya. Ilivuta. Sijui niseme vipi. Gari lilijiinua, tukapita magari ya mizigo kama yamesimama, tukafika juu na kushuka upande wa pili, na daktari wa upasuaji akasema tungechelewa nusu saa asingekuwa na kazi ya kufanya. Kaka alikaa wodini siku kumi na tisa. Nilimwambia kila aliyekuja kumjulia hali kwamba ile ilikuwa injini yangu.

Kesho yake asubuhi nilikuta gari namba tatu liko juu ya shimo, giaboksi iko chini, na mlango wa mzee umefungwa kwa ndani. Akasema kupitia mlangoni kwamba anaikagua. Siku ya pili akasema anaikagua. Siku ya tatu, simu zikilia na magari mengine mawili yakizidiwa, bado alikuwa anaikagua. Nilipandwa na hasira. Niliamini anatafuta kosa kwa nguvu ili aonekane alikuwa sahihi tangu mwanzo. Nikaandika barua kwa uongozi, na sentensi yake moja naikumbuka kwa kichwa kwa sababu niliipenda sana: fundi huyu anatafuta kasoro isiyokuwepo ili kuhalalisha woga wake. Jioni ya siku ya tatu gari likatoka, zima kabisa. Mzee akaitwa ofisini, akaulizwa gari lilikuwa na ubovu gani. Akajibu neno lake moja. Akapewa barua ya onyo kwa kuliweka gari la wagonjwa siku tatu bila sababu, akaomba kalamu, akaisaini. Mwezi uliofuata mimi nilithibitishwa kazini.

Ningekuwa nimesahau yote haya kama nisingepewa kazi ya kuandika wasifu. Wiki mbili zilizopita afisa utumishi alinipa faili la mstaafu nikachukue tarehe. Faili zima ni jembamba kama daftari la mtoto, na ndani yake kuna barua moja tu mbaya, ikiwa imebanwa pamoja na barua yangu. Afisa utumishi akaniambia, kama anayetangaza hali ya hewa, kwamba kwa sababu ya karatasi ile mzee hatapata cheti cha utumishi usio na doa. Atapewa cheti cha kawaida, kile wanachopewa hata wenye mafaili manene. Nikauliza kama mwenyewe anajua. Anajua. Mama Muuguzi ndiye aliyekuwa hajui, alikuwa ameshagongea msumari ukuta wa sebuleni akiupangia cheti kile, na alipoambiwa akatundika kalenda.

Afisa akasema njia ipo moja. Aliyelalamika aje na uthibitisho kwamba siku zile tatu gari lilikuwa na ubovu kweli, na onyo litafutwa. Nikatoka ofisini kichwa kinazunguka. Maana kama giaboksi ilikuwa nzima, mimi nilisema kweli na mzee anakosa cheti chake. Na kama ilikuwa imevunjika, mzee anapata cheti, lakini basi injini yangu ndiyo iliyoivunja, na kwa miaka minane nimekuwa nikijisifu kwa jambo lisilokuwepo. Nilitamani uthibitisho na niliuogopa kwa pamoja. Sikujua niombe lipi.

Nilianza na Twiga. Nilimkuta anaosha gari lilelile, nikamwuliza kama siku ya kaka alisikia kitu chochote kwenye gia. Akafungua mlango wa dereva, akanyanyua zulia la miguuni, akasema, "Mama Pistoni, kwani hukijui hiki?" Chini ya pedeli ya mafuta palikuwa na kipande cha mpira wa tairi, unene wa vidole viwili, kimefungwa kwa waya. Kazi yake ni kuizuia pedeli isifike chini. Ukikanyaga mpaka mwisho, injini inatoa kiasi cha theluthi mbili ya nguvu yake, basi. Mzee alikiweka wiki ileile ya kwanza alipokuwa akikaa kiti cha mbele. Madereva wote sita wanakijua, wanakabidhiana pamoja na ufunguo, na dereva mpya huapishwa kwamba hatakitoa na hatamwambia Mama Pistoni.

Nilikaa chini pale pale kwenye maji ya sabuni. Watu sita wamejua kwa miaka minane, na mimi nilipita kila siku kuangalia picha yangu. Nilikasirika, halafu nikaona haya, halafu nikakasirika tena, sijui niliishia wapi. Yaani giaboksi haikuwahi kubeba nguvu ile niliyoisifia. Ilibeba theluthi mbili yake. Nikamwuliza Twiga, na mlimani je? Maana mimi nilikuwa ndani ya gari lile, na kile nilichokisikia hakikuwa theluthi mbili ya kitu chochote.

Twiga akasema, "Siku ile mzee alikitoa mwenyewe. Baada ya kona ya pili. Aligeuka akamwangalia kaka yako, akainama, akakichomoa, akakitia mfukoni. Akaniambia nikanyage. Nikamwambia mzee, giaboksi je? Akasema, giaboksi niachie mimi."

Kwenye rafu ya nyuma ya mlango chupa zimepangwa kwa miaka. Haikunichukua muda. Gari namba tatu, tarehe ya kesho yake baada ya safari ya mlimani, na ndani kuna vipande viwili vya chuma vyenye ncha iliyomeguka, meno mawili ya gia ya pili. Hakukuwa na chuma kilicholika wala kilichoungua, ni meno mazima yaliyokatika. Ndiyo siku tatu zile: alikuwa akichomoa gia ya pili kwenye gari jingine bovu lililoko uani, akiitengeneza iingie, peke yake, mlango umefungwa, ili msimamizi asione. Msimamizi angeona angeing'oa injini siku hiyohiyo, na mimi nilikuwa nimebakiza mwezi mmoja kuthibitishwa.

Chupa zote mia mbili na kumi na moja zina neno la sababu. Hii haina neno haraka, haina neno mzigo. Kwa mwandiko wake ule mdogo ameandika: Ilibeba.

Nilimfuata na chupa mkononi. Alikuwa anasugua sahani zake za bati ili amkabidhi fundi mpya. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ya kuomba msamaha, ndefu, yenye mwanzo na mwisho, na ikatoka nje kama swali. Nikamwuliza, "Mzee, sasa iliweza au haikuweza?"

Akaniuliza kaka yangu anaendeleaje. Nikamwambia yuko mzima, amenenepa, ndiye anayemshonea koti la kuagwa, na amelalamika kwamba vipimo vya mikono haviishi. Mzee akainua sahani akaitazama juani.

"Basi iliweza," akasema.

Kwa miaka yote niliyomjua sijawahi kusikia jibu kama hilo kutoka kwake, na bado limenichanganya. Meno mawili yamekatika, na iliweza. Nilikuwa nataka kubishana naye kitaalamu, nikajikuta nalia kwenye kitambaa chenye grisi. Nikamwomba aniachie chupa ile. Akasema inategemea, kisha akaitumbukiza kwenye mfuko wa ovaroli langu na kuendelea kusugua.

Katibu wa kamati, najua umeniambia nisilete mambo ya ndani. Nimekujazia fomu yako hapa. Kwenye mafanikio andika: alivunja meno mawili ya gia, na kaka yangu yuko hai. Kwenye changamoto andika: mimi. Juzi nimempelekea afisa utumishi chupa pamoja na barua ya kuifuta ile ya kwanza. Paliponitaka nitaje chanzo cha ubovu, nimeandika injini niliyoifunga mimi, na nimesaini. Picha ya ubaoni nimeibandua. Karatasi yake ilikuwa imeshashikana na ubao, imetoka vipandevipande.

Kwa niaba ya karakana, madereva, zahanati ya ng'ambo ya mlima na watu wa chumba cha kufulia wanaodai shuka lao, tunakushukuru, mzee wetu. Mpira wa pedeli tumeutundika pamoja na ufunguo, na sasa unajulikana na wote. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na wajukuu wanaouliza maswali magumu. Ijumaa afisa utumishi atakapolitaja jina lako na cheti chako, utumishi usio na doa, tafadhali usimjibu neno lako. Simama tu upokee.

Na wewe, Mama Muuguzi, toa kalenda kwenye ule msumari.